Gemu la mabaharia lisilo na upepo, acheni kulisifia kisa limetengenezwa Tanga

Wakuu nimevumilia vya kutosha leo nasema. Hili gemu la RPG la mezani ambalo kila grupu linalisambaza, lililotengenezwa hapa hapa Tanga, jina silitaji na aliyelitengeneza simtaji, wanaolijua wanalijua. Kwa asiyejua RPG ya mezani ni kitu gani, mnakaa watu wanne watano, mmoja msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, unasema mhusika wako anafanya nini, penye shaka mnarusha dadu na kanuni ndo zinaamua kilichotokea.

Jamaa aliomba mwenyewe tathmini, "wadau lichezeni mniambie ukweli". Sisi wa Chumbageni tukakaa tukalicheza, tukamwandikia kila tulichokiona, ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu zote. Akajibu kuwa tuna wivu. Alafu kaachia pidiefu ile ile, hata nukta haijahama, na sasa anachangisha watu elfu 15 kila mmoja za kuchapia. Na nyie chini yake mmejaa "kazi nzuri mkuu", "tuunge mkono cha nyumbani". Mmelicheza? Nauliza kwa uchungu kwa sababu mi nalitaka hili gemu liwepo, nimelisubiri gemu la namna hii tangu nasoma sekondari.

Angalieni jalada. Jahazi limetanda tanga, nyuma milima ya Usambara, juu jini, na maneno yanasema utaishi maisha ya nahodha wa pwani, utafanya biashara, utazungumza na majini. Fungua ndani sasa. Karibu robo tatu ya kitabu ni kupigana. Panga, jambia, mkuki, ngao, upige kichwani upige mguuni. Biashara ina aya moja na inaishia "msimulizi aamue". Safari ya baharini, msimulizi aamue. Kuongea na jini, msimulizi aamue. Yaani kila kilichoandikwa jaladani, ndani hakuna kanuni, kaachiwa msimulizi ajitungie, sasa hela tunalipia nini?

Na pointi za kupanda levo zinapatikana kwa kuua tu. Hili ndo limeharibu kila kitu na ndo tulimwambia mwanzo kabisa akachukia. Wachezaji wanafanya kile kinacholipwa, hata uandike utangulizi mzuri kiasi gani. Sisi tulianza na wahusika wafanyabiashara, tumebeba pembe na nazi, tunafika Pangani, mwenzetu mmoja akapiga hesabu akaona kuuza shehena hakumpi pointi hata moja ila akimchoma jambia karani wa forodha anapata 50, akamchoma. Hakukosea yule, kanuni zimemtuma. D&D (Dungeons & Dragons, RPG maarufu ya Marekani) ya kwanza kabisa, ile ya 1974 ya Gary Gygax na Dave Arneson, kipande kimoja cha dhahabu ukitoka nacho salama ilikuwa pointi moja, na hazina ndo ilikuwa inatoa pointi nyingi kuliko kuua dubwana, kwa hiyo watu walikuwa wananyata, wanadanganya, wanahonga, wanakimbia, kupigana ni pale umebanwa. Miaka zaidi ya 50 iliyopita hiyo! Huyu kaenda kukopi staili ya matoleo ya baadaye ambayo pointi zinatoka kwenye mapigano, kaibandika kwenye gemu la wachuuzi.

Haya tuje kwenye dadu. Anataka dadu ya pande 20. Mi nimezunguka maduka ya Ngamiani na ya katikati ya mji, dadu ninazoziona ni za ludo, pande 6. Jibu lake ni pakua programu ya simu, sawa, lakini hata ukiipata hesabu yenyewe imekaa vibaya. Jini dogo kabisa kwenye kitabu lina ulinzi 15 na uhai 40. Mhusika mpya hana nyongeza yoyote kwenye kupiga, kwa hiyo kwenye pande 20 anapiga akipata 15 mpaka 20, namba 6 kati ya 20, asilimia 30. Akipata anapunguza uhai wa jini kwa dadu moja ya 6, wastani 3.5. Kwa hiyo kila mrusho kwa wastani unapunguza 1.05 tu. Watu wanne mnapunguza 4 na kidogo kwa raundi, jini moja dogo linakula raundi kumi, mirusho 40 ambayo kama 28 ni "umekosa, next". Tulimpa njia mbadala, dadu mbili za ludo ujumlishe, maana hapo 7 inatoka mara 6 kati ya 36 na 12 mara moja tu kati ya 36, matokeo ya katikati ndo yanakuja sana na makubwa yanakuwa adimu, unaweza kupanga vizuri nini kiwe kigumu na nini kiwe rahisi, na kila nyumba yenye ludo inacheza. Hakutaka hata kusikia.

Lakini kilichoniuma zaidi ni majini. Jini la huku unaliwekea uhai 40 na upanga kwani ni jambazi? Mtu yeyote aliyekulia Tanga anajua mambo haya yanavyokwenda. Pepo anapanda kichwani, mtu anakuwa kiti, anakuja mganga, anamuuliza wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Pepo anajitaja, anasema ni wa bara au wa baharini, anadai chake, ubani, kitambaa, chano, ngoma, watu wanabembeleza anapunguza madai, wanakubaliana, na wakivunja makubaliano anarudi. Hebu someni tena hapo mniambie kama hiyo sio kanuni ya gemu tayari! Kuna maswali, kuna bei, kuna kupatana, kuna deni linalobaki, kuna adhabu ya kutolipa. Mapango ya Amboni mpaka leo watu wanaingia wanaacha sadaka zao mle ndani. Jamaa kaweka Amboni kwenye ramani kama shimo la kuingia na mapanga kuua kilichomo na kuchukua dhahabu. Kitu kizuri kiko kilomita chache kutoka mjini kwake kakipita akaenda kukopa cha watu.

Upepo ndo kabisaaa. Kitabu cha mabaharia, neno kaskazi halimo, kusi halimo. Safari ya kwenda popote ni "rusha dadu ya 6 hizo ni siku". Pemba ipo ng'ambo hapo kama kilomita 50 na Maskati ni mwisho wa dunia, zote dadu moja. Mzee yeyote wa Sahare angekwambia kaskazi inaingia mwisho wa mwaka mpaka kama mwezi wa tatu ndo majahazi ya Arabuni yalikuwa yanashuka, kusi ikishika ndo yanarudi, ukichelewa unakaa bandarini miezi unakula faida yako. Hapo peke yake unapata kalenda ya gemu zima, bei zinazopanda na kushuka, deni la tajiri linalokusubiri, presha bila kumwaga damu ya mtu. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, nalo halipo, wakati kupita miamba na bamvua sio sawa na kupita maji mafu.

Alafu kuna hili la makabila. Mdigo nyongeza 2 za uchawi, Msambaa nyongeza ya nguvu, Mbondei kapunguziwa akili. Bibi yangu Mdigo, maisha yake yote kauza vitumbua kasomesha watoto, wewe unamwandika mchawi kwa kuzaliwa? Hata D&D wenyewe kwenye kitabu cha wachezaji cha 2024 nyongeza hizo wamezitoa kwenye asili ya mhusika wakazipeleka kwenye historia yake, alikuwa nani, alifanya kazi gani. Weka mvuvi, weka fundi wa majahazi, weka karani, weka mganga. Hili la makabila silijadili, litoke.

Mnaosema tunamvunja moyo kijana, michoro nilimsifia na naisifia tena, ramani ya pwani ni nzuri sana na majina ya vijiji kayapatia. Kinachobaki ni kazi, tena tulijitolea kuifanya naye bure.

Kwa hiyo uchapaji usimame mpaka kanuni za safari, biashara na majini ziandikwe, na asiyetaka kusubiri arudishiwe elfu 15 yake. Na nyie mnaolisifia, semeni hapa mlicheza na nani, jahazi lenu lilifika bandari gani, na kwa kanuni ya ukurasa wa ngapi.