Bogoria: mayai mnatuchemshia, historia ya Endorois mnaificha

Wanajamvi, leo niacheni niseme.

Juzi tulikuwa na wageni wa familia, wakalipia kampuni moja ya utalii kila kitu: gari, chakula na mwongozaji. Tukatoka Marigat tukakata kwenda Loboi, tukaingia hifadhi ya Ziwa Bogoria, hapa kwetu Kenya, hadi chemchemi za maji moto pale Loburu. Mwongozaji akasimama mbele ya mvuke akatuhutubia: eneo hili lote lilikuwa pori, hapakuwa na watu, ni wanyama na flamingo tu, hadi serikali ilipokuja kulihifadhi. Halafu akatoa trei ya mayai ya kuchemshia kwenye maji hayo.

Mama mkwe wangu alikuwa hapo hapo. Ni Mwendorois, jamii ya wafugaji wa hapo Bogoria, na kitovu chake kimezikwa ndani ya mpaka wa hifadhi hiyo. Akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, mimi nimezaliwa hapa. Boma letu lilikuwa upande ule." Kijana akamjibu, "Sawa mama, lakini tusonge, wageni wana safari ndefu." Akampa kisogo na kuanza kufunga mayai kwenye mfuko wa neti.

Yaani mtu amelipwa kueleza mahali, anapata shahidi wa mahali penyewe bure kabisa, na anamfukuza kama nzi!

Haya, kwa sababu wao hawasemi, nitasema mimi. Wazungu waliliita ziwa hili Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington aliyelipitia mwaka 1885, miezi michache kabla ya kuuawa Busoga, Uganda. Hilo waongozaji wengi wanalijua na wanalisimulia vizuri tu. Askofu aliyepita njia anakumbukwa, lakini aliowakuta hapo na waliobaki baada yake hawatajwi.

Mwaka 1973 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, bado kwa jina hilo la Hannington; tangazo la 1974 ndilo lililoandika Bogoria. Waendorois wakaambiwa wahame. Waliacha nini? Waliacha malisho ya ng'ombe na chumvi ya ardhi ambayo mifugo ililamba ikanona. Waliacha makaburi na mahali pa matambiko, maana kwa imani yao roho za wahenga zimo ziwani humo, na sherehe za tohara na za maombi zilifanyika ufuoni. Wakasukumwa kwenye ardhi kavu na ng'ombe wakafa kwa wingi. Kumbukumbu za kesi yao zinasema familia 400 ziliahidiwa fidia na mashamba yenye rutuba, pamoja na sehemu ya mapato ya utalii na nafasi za kazi. Familia 170 ndizo zilizopata pesa, kati ya 1984 na 1986, shilingi 3,150 kila moja. Shilingi 3,150 kwa nchi ya babu zako!

Wazee hawakunyamaza. Mahakama za hapa nyumbani ziliposhindwa kuwasaidia, mwaka 2003 wakapeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, Gambia. Uamuzi ukatoka Novemba 2009, na Februari 2010 ukatangazwa baada ya Umoja wa Afrika kuuidhinisha: Kenya ilikiuka haki zao za mali, dini, utamaduni na maliasili, pamoja na haki ya maendeleo.  Serikali ikaelekezwa itambue umiliki wao, iwarudishie ardhi, iwaachie wafike ziwani kwa ibada na malisho, iwalipe fidia na iwagawie mapato. Wanasheria dunia nzima wanaifundisha kesi hii vyuoni. Mgeni aliyesimama juu ya ardhi yenyewe anaondoka na yai la kuchemsha!

Mwaka 2011 UNESCO ikaliingiza ziwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Hata hapo Waendorois hawakuombwa ridhaa inavyotakiwa, na Tume ikapitisha azimio la kulalamikia jambo hilo mwaka huohuo. Miaka ikaja maji ya ziwa nayo yakapanda, yakameza lango la zamani la Loboi, kipande cha barabara ya ufuoni na baadhi ya chemchemi. Kwa hiyo hata anayetaka kuonyesha alama za zamani ajue nyingine zimezama, na wanaojua zilipokuwa ni haohao wazee.

Na huduma yenyewe? Maji yale yanafika zaidi ya nyuzi 90. Ukingoni ardhi ni ganda jembamba, unaona kabisa povu likitokota chini ya ufa usiozidi upana wa kiganja. Mwongozaji wetu hakutoa onyo hata moja. Mtoto wa miaka sita alikuwa anachungulia shimo huku mjomba wake akimpiga picha. Mimi ndiye niliyemvuta mkono. Tulipoondoka, maganda ya mayai na magunzi ya mahindi yalibaki pale pale yameshikamana na magadi, na mfuko wa neti ukaachwa unaelea.

Kuna vijana wa Loboi wanaojua kila chemchemi, wanajua wapi pa kukanyaga, na hadithi wamezipata kwa bibi zao. Hao wanakaa kando ya barabara wakitazama magari yakipita na waongozaji waliotoka mbali.

Wenye kampuni za utalii mliomo humu, mkifika Loboi chukueni kijana wa hapo, mlipeni vizuri, na mwacheni aongee yeye. Mkikuta mzee anataka kusema, zimeni injini mumsikilize. Na kwenye vipeperushi vyenu andikeni 1973 na 2010 kabla ya kuandika mayai.

Wengine mliowahi kuongozwa pale, semeni hapa chini mliambiwa nini kuhusu watu waliokuwa wakiishi Bogoria. Majina ya kampuni yaacheni, andikeni mwaka na maneno mliyoyasikia. Nitayakusanya, nimsomee mama mkwe, na majibu yake nitayaweka humu humu.