Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani ya petroli inapokosa moto wa plagi, wadau wa Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa korosho unakaribia na huku kwetu mzigo mwingi unatoka shambani hadi ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa pikapu za miaka hiyo. Nazungumzia zile za petroli zenye distributa (kigawa umeme wa plagi): Land Rover 109, Hilux za injini ya 18R na nyingine za rika lake. Za dizeli tuziache, hazina plagi za cheche wala koili (inayopandisha umeme wa betri uwe wa kutoa cheche).

Kinachoniuma ni kuona watu wanamaliza hela kwa kubahatisha. Leo koili, kesho plagi seti nzima, na gari bado liko pale pale. Angalia kwanza linazima wakati gani, hapo ndipo pa kuanzia. Naanza na langu.

Hilux yangu ilikuwa inazima kwenye mlima wa kupanda Newala, tena ikishapata joto. Ukikaa kivulini ikapoa, inawaka vizuri kabisa. Kila mtu alisema pampu ya mafuta. Siku moja ilipozima tu, nilichomoa waya mnene wa katikati kwenye distributa, nikaushika kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha yake karibu na bloku, kijana akapiga stata. Hakuna cheche hata moja. Taa ya kupimia ilionyesha umeme unafika kwenye koili, na platini (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kuunga umeme wa koili) zilikuwa zinafunguka na kufunga. Koili yenyewe huigusi kwa joto, ndiyo iliyokuwa mbovu. Kumbe asubuhi ikiwa baridi mita ilisoma ohm 3, sawasawa na inavyotakiwa kwa koili isiyo na rezista (kipunguza umeme) ya nje. Kwa hiyo ukitaka kuipima koili ya namna hii, ipime ikiwa ya moto. (Na kabla ya kuchezea cheche, hakikisha hakuna petroli inayovuja karibu.)

Karibuni, kila mtu na lake.

Mdau wa Mikindani
Mkuu, sisi wa pwani adui yetu ni chumvi. Land Rover yangu ilikuwa inagoma asubuhi zenye umande, jua likipanda inawaka. Nilifungua boneti usiku injini ikiwa inaunguruma, taa zote zimezimwa. Nikaona cheche za bluu zinatambaa juu ya waya za plagi, umeme unakimbilia kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Ndani ya kifuniko cha distributa kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama nywele kutoka nguzo moja hadi nyingine. Ukiuona huo, kufuta hakusaidii, badilisha kifuniko. Pia fungueni waya wa ethi unaotoka kwenye injini, mpige msasa hadi shaba ing'ae. Wangu ulikuwa umeota kijani.

Mama Mzigo, Nachingwea
Kaka zangu, langu lilikuwa hivi: nikibana stata gari linawaka, nikiachia ufunguo linazima papo hapo. Fundi mmoja alinivutia waya daireki toka betri hadi koili, likatembea, nikafurahi. Baada ya muda platini zikaungua, na koili ikawa inachemka. Mwingine ndiye aliyenieleza kwamba kuna rezista: ukipiga stata koili inapata umeme wote bila kuipitia, ukiachia ufunguo umeme unapita kwenye rezista. Ikikatika, ndiyo hiyo kuzima. Ilibadilishwa rezista tu, ule waya ukatolewa. Dada na mama wenye magari ya biashara, daireki ni ya kukufikisha nyumbani basi.

Mleta mada
@Mama Mzigo, asante sana, hii wengi itawaokoa.

Mzee wa Gereji, Mingoyo
Vijana wangu, hamjaitaja kondensa (kikopo kidogo kinachozilinda platini zisiunguzwe na cheche), na ndiyo inayosumbua wengi hapa njia panda. Platini mpya zikiungua haraka, upande mmoja umeota kilima na mwingine shimo, na cheche ni ya njano na dhaifu, iangalie kondensa kwanza. Land Rover ya silinda nne, pengo la platini ni milimita 0.35 hadi 0.40, lipimwe kwa filagej (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) platini zikiwa zimefunguka mwisho. Waya za plagi ziwekeeni alama kabla ya kuchomoa. Mpangilio ni 1-3-4-2, ukizikosea gari litapiga makofi (milipuko) kwenye karabureta. Na msiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima: platini zikiwa zimefunga, koili inaungua mkiwa mnapiga soga.

Mdau wa Liwale
Shikamoo mzee. Je, kuna faida kuhamia mfumo wa elektroniki usio na platini?

Mzee wa Gereji, Mingoyo
Marahaba. Faida ipo, cheche inakuwa na nguvu na hurekebishi pengo kila mara. Ila ikifa imekufa, hakuna cha kupiga msasa. Wewe unayeingia Liwale masika, kama utafunga hiyo, tunza distributa yako ya zamani ikiwa kamili, pamoja na platini, kondensa na rota (kile kinachozunguka chini ya kifuniko cha distributa) ya akiba, uziweke chini ya kiti.