Mpwa wangu anataka kusomea maji yanavyopita kwenye nyuzi. Kuna kazi hapo?

MjombaWaUyole

Salaam wakuu. Niko Uyole, nalima viazi. Nina mpwa wangu wa kike, nimemlea tangu darasa la tano, amemaliza shahada ya fizikia Dar. Mimi nilikuwa nasubiri aniambie ameomba ualimu. Jumapili ananipigia simu eti amepata nafasi ya uzamili, atasomea sayansi ya materiali, na utafiti wake ni namna vimiminika vinavyopita kwenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Ufadhili ni nusu. Nusu nyingine ni mimi, yaani ni lumbesa za viazi, na bei ya mwaka huu mnaijua wenyewe. Sikutaka kumvunja moyo, nikasingizia mtandao unakatakata. Sasa mwenye kujua anisaidie: mtu wa kazi hiyo akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini? Na anayemlipa ni nani?

Kamwene_Mafinga

Mkuu, huyo anakwenda kuangalia kitambaa kikilowa. Mke wangu anafanya hivyo kila Jumamosi na hajawahi kulipwa 😂 Mwambie asomee misitu, huku Sao Hill mbao zinatoka.

MwanaTukuyu

Ugonile mjomba. Huyu wa Mafinga kanichekesha, ila msindano wake wa Sao Hill nao unapandisha maji kwa vijinjia vyembamba hivyohivyo, na karatasi ya kiwanda cha Mgololo ni nyuzi za mti huohuo.

Kazi anayoitaka mpwa wako ndiyo yangu, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilianzia kwenye kibatari cha bibi. Utambi ulikuwa kipande cha shati la babu, mafuta yako chini, moto uko juu. Nikauliza nani anayapandisha. Nikaambiwa nimalize kula.

Anayeyapandisha ni upenyo wenyewe, yaani vile vinafasi vyembamba kati ya nyuzi. Kimiminika kikipenda ukuta wa nyuzi, kinaukwea. Chukua mrija wa kioo wenye tundu la milimita 1, maji yatapanda kama sentimita 3. Tundu likiwa la sehemu ya kumi ya milimita, yatafika karibu sentimita 30. Unaweza kudhani basi tundu dogo zaidi ndilo bora, kumbe linabana. Poiseuille, daktari Mfaransa wa karne ya 19, alipima vimirija vya kioo kwa sababu alitaka kuelewa mwendo wa damu: ukipunguza upana wa tundu kwa nusu na kusukuma kwa nguvu ileile, kinachopita kinapungua mara 16. Hivyo upenyo mwembamba unavuta kwa nguvu na unachelewesha, vyote kwa pamoja. Wanasayansi wawili, Lucas mwaka 1918 na Washburn mwaka 1921, waliandika hesabu yake, na hadi leo tunaitumia: kimiminika kikienda umbali mara mbili, kinatumia muda mara nne. Sentimita ya kwanza sekunde moja, ya kumi unaifikia kwenye sekunde ya mia.

Sasa asubuhi yangu. Nafunga uzi mmoja kwenye fremu, naugusisha tone chini ya hadubini, kamera inarekodi, kisha nahesabu picha moja moja tone limefika wapi. Hiyo ni saa moja. Saa saba zilizobaki ni kuosha. Ndiyo mjomba, naosha nyuzi.

Nikueleze kwa nini. Mwaka wangu wa pili, chuo kimoja hapa Mbeya, mwezi wa Juni. Baridi yetu unaijua, mikono inapauka hadi inachanika. Nikawa napaka mafuta ya mgando asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Wiki za mwanzo nyuzi zangu zilikunywa maji vizuri, halafu zikaanza kuyakataa. Tone linakaa juu kama umande kwenye jani la magimbi. Nikabadilisha maji. Nikalaumu muuzaji wa nyuzi, nikamwandikia na barua pepe kali ambayo mpaka leo naionea aibu. Miezi mitatu ya vipimo! Siku moja fundi wa maabara, mzee asiye na digrii hata moja, akanishika mkono kunisalimia, akajifuta kwenye koti, akasema, "Dada, umepaka nini?" Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nyuzi ni nyembamba mno. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuibadilisha tabia. Tangu hapo ni glavu, na nikivaa glavu sishiki hata simu.

Kama unataka kuona kwa macho, fanya hivi leo jioni. Chukua pamba ya duka la dawa na sufi ya kwenye mto, zote ziweke kwenye beseni la maji. Pamba italowa na kuzama. Pamba ghafi ina nta, ndiyo maana kiwandani huchemshwa na kostiki (soda kali) kabla ya kuuzwa. Sufi itaelea. Kila unywele wa sufi ni mrija mtupu ndani, umepakwa nta ya asili. Maji inayakataa lakini weka tone la mafuta ya taa uone inavyolinyonya. Zamani walijazia sufi kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Mimi nimekula miaka minne kwa sufi, tukitafuta namna ya kuondoa mafuta yaliyomwagika kwenye maji.

Nani analipa? Hutaona kibao mjini kimeandikwa "mtaalamu wa nyuzi". Lakini kipimo cha malaria cha kutoboa kidole, zile dakika 15 au 20 unazosubiri, ni damu na dawa vinatembea vyenyewe kwenye kistripu. Kuna aliyechagua upenyo ule. Pedi, nepi, bandeji, vichujio vya maji, vivyo hivyo. Ila sikufichi: nimeishi kwa mikataba ya miaka miwili miwili, na kati ya mmoja na mwingine nilifundisha tuisheni Mwanjelwa miezi minane. Mwambie kabla hajasaini aulize mambo haya: hadubini ya maabara hiyo inafanya kazi au imefunikwa kitambaa? Na kemikali zikiisha, nani ananunua? Jibu la pili likiwa "tutaona", asiende.

FundiWaFigo

Naongezea. Mimi nahudumu kwenye mashine za kusafisha damu. Ule mchujio unaouona kama chupa ndefu, ndani una nyuzi maelfu zenye tundu katikati, upana kama sehemu ya tano ya milimita. Damu inapita ndani, maji ya kusafishia yanapita nje. Damu ikianza kuganda naona michirizi myeusi, kila mchirizi ni nyuzi zilizoziba. Mgonjwa analala pale kwa muda wa saa nne. Kwa hiyo mjomba, msimcheke binti.

Kamwene_Mafinga

Nimenyoosha mikono. Ila dada wa Tukuyu, kwenye kitalu changu cha parachichi natumia tambi kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye viriba. Kamba ya nailoni mpya haivuti kabisa. Ni nta?

MwanaTukuyu

Mara nyingi ni mafuta ya kiwandani. Ichemshe na sabuni ya unga, isuuze sana, ujaribu tena. Ya pamba itavuta vizuri zaidi ila itaoza udongoni. Na usiishike na mikono yenye mafuta, tafadhali.

MjombaWaUyole

Ahsanteni. Nimejaribu lile la beseni. Sufi imeelea kweli, na ya mafuta ya taa nimeiona. Shangazi yake amekuta mto umepasuliwa na jikoni kunanuka taa, sasa hivi hatuongei. Nimempigia binti nikamuuliza habari ya hadubini. Amekaa kimya kidogo, akasema, "Mjomba, nani amekufundisha kuuliza hivyo?" Kesho anapiga simu chuoni, nitawapa jibu.