Yule MC wa usiku wa maswali kaniambia NIKAE CHINI NILE CHIPSI!!

Wakuu, hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Mnamjua yule MC, wa miwani ya jua saa nne usiku. Leo kauliza nani alianza kupiga sinema. Nikasimama nikajibu: Louis Le Prince, mjini Leeds, Uingereza, Oktoba 1888. Watu wanne wanazungukazunguka bustanini, sekunde kama mbili hivi, na picha zake zipo mpaka leo.

Jamaa kacheka mpaka spika zikapiga yowe. "Dada, sinema ni Edison. Kaa chini ule chipsi zako."

KULE CHIPSI! Kwenye maikrofoni! Nadhani hata Pemba wamesikia.

Edison yupi? Kamera aliihangaikia mwajiriwa wake, Dickson, kule West Orange, Marekani. Kinetoskopu yenyewe, mashine ya Edison ya kutazamia filamu, ni kabati, unainama unachungulia tunduni, mtu mmoja mmoja. Ile Vitaskopu ya kuonyesha ukutani, 1896, waliibuni Jenkins na Armat, likabandikwa jina la Edison. Le Prince angejitetea vipi? Alipanda treni Dijon, Ufaransa, Septemba 1890, hajaonekana tena. Halafu mimi ndiye wa kula chipsi!

Kiroboto_wa_Ilala: Pole dada. Ila ulikula au hukula? Tuanzie hapo.

MzeeProjekta: Wote mnapotea. Sinema ni watu wamelipa, wamekaa gizani, wanatazama ukuta mmoja. Akina Lumière, wale ndugu wawili Wafaransa, Grand Café, Paris, 28 Desemba 1895, watu 33, faranga moja kila kichwa. Chombo chao kimoja kinapiga, kinachapa nakala, kinaonyesha. Louis Lumière aliiga mwendo wa cherehani: kucha zinaingia kwenye matundu ya filamu, zinavuta, zinaachia, picha inasimama kidogo mwanga upite. Edison alikuwa na nini cha hivyo?

Bibi_Tanga: Mzee, ndugu wa Skladanowsky walishaonyesha watu wa kulipa Berlin, ukumbi wa Wintergarten, 1 Novemba mwaka huohuo. Hawatajwi kamwe, na mimi inanikera kuliko chipsi za mtu.

MzeeProjekta: Mashine yao ilitaka mikanda miwili ipokezane. Mzigo ule!

Bibi_Tanga: Walitangulia au hawakutangulia?

Mtoa mada: Jamani, mbona hamnielewi? ALISHIKA MAIKROFONI. Akasema KAA CHINI. Akasema ULE CHIPSI. Ukumbi mzima ukageuka kutazama sahani yangu!

Kiroboto_wa_Ilala: Kwa hiyo sahani ilikuwepo.

Dogo_Makorongo: Tukiwa kwenye chipsi, pale siku hizi chipsi mayai wanaweka yai moja wanatoza mawili. Nimehesabu viini.

Mama_Kiduku: Afadhali wewe umepata yai. Mimi kachumbari nimelipishwa!

Bibi_Tanga: Kachumbari ya kulipia?? Tangu lini?

Dogo_Makorongo: Tangu walipomleta yule mpishi mpya. Na pilipili anaificha chini ya kaunta.