Vifaa vya besiboli: vya ligi nzima au kila mchezaji ajinunulie?

Kocha Mgeni
Habari zenu, wanajukwaa. Tunaanzisha ligi ndogo ya besiboli, na msimu unafunguliwa baada ya wiki saba. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka ligi inunue kila kitu kwa mkupuo mmoja, yaani magongo, helmeti, glovu na mipira, kisha vifaa vikae stoo na vigawiwe siku za mazoezi. Wengine wanataka ligi ishughulike na mipira na vituo vya kukimbilia uwanjani tu, na kila mzazi amtafutie mwanawe vilivyobaki. Uamuzi nimeachiwa mimi, na mwisho wa wiki hii ndio kikomo. Naombeni ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii.

Mwamuzi wa Jioni
Karibu, Kocha. Swali ni zuri, ila umetupa nusu yake. Wachezaji wana umri gani? Timu ni ngapi? Na kanuni mtakazofuata ni za nani? Gongo analoruhusiwa mtoto wa miaka kumi hukataliwa mikononi mwa kijana wa miaka kumi na sita, kwa hiyo kukushauri sasa hivi ni kumshonea nguo mtu ambaye hatujampima.

Glovu Kubwa
Wakati tukisubiri majibu, naomba glovu ziondolewe kabisa kwenye orodha ya vitu vya pamoja. Ngozi ya glovu hujikunja kwa kufuata mkono wa anayeivaa, na ikivaliwa na watu watano haimtii hata mmoja wao. Tena hazifanani: wachezaji wa ndani, yaani wanaolinda karibu na vituo, hutumia za inchi 11 hadi 11.75 ili mpira utoke upesi, wa nje hutaka za inchi 12 na kuendelea, na mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, pamoja na mlinzi wa kituo cha kwanza wana zao zisizogawanywa vidole. Mkinunua ishirini za saizi moja, mmewakosea wengi wao kwa mara moja.

Mama wa Namba Saba
Ndugu Glovu Kubwa, unayosema ni kweli kwa mtoto ambaye mzazi wake anaweza. Katika timu ya mwanangu, kila mmoja aliambiwa ajitegemee, na siku ya kwanza watoto wanne walikuja mikono mitupu. Wawili kati yao hawakurudi tena. Glovu chache za pamoja, hata zisipomtosha mtu barabara, ni afadhali kuliko mtoto kukaa benchi kwa aibu.

Kocha Mgeni
Samahani kwa kutojieleza. Umri ni miaka 11 hadi 13, timu ni nne, na kila timu ina wachezaji kumi na wanne hivi. Kuhusu kanuni, tunafikiria kuiga za Little League, shirika la besiboli ya watoto lenye makao Marekani, lakini kamati haijapitisha.

Mwamuzi wa Jioni
Basi pitisheni kanuni kabla ya kutoa oda ya gongo hata moja. Tangu Januari 2018, Little League inataka gongo la chuma au la mchanganyiko wa nyuzi za kaboni, kwa umri huo, liwe na nembo ya USA Baseball, chama kinachosimamia besiboli Marekani, na unene wake usizidi inchi 2 na sehemu tano za nane. Wakikua wakaingia sekondari, huko Marekani watakutana na kipimo kingine kiitwacho BBCOR, kilichoanza kutumika katika shule hizo mwaka 2012, na hapo uzito wa gongo kwa aunsi haupungui urefu wake kwa inchi kwa zaidi ya tatu. Mzazi hawezi kuyajua haya yote dukani, na ndiyo sababu mimi naona magongo yanunuliwe na ligi.

Mti Mkavu
Au mnunue ya mbao na mpumzike. Gongo la mbao la kipande kimoja halidaiwi nembo hiyo, na linamfundisha mtoto kuupiga mpira mahali panapostahili, kwa sababu akiugusa karibu na mpini vidole vinamwambia papo hapo.

Mdakaji wa Zamani
Kocha, kabla hujanunua chochote, sikia yaliyotupata sisi. Timu yetu ilipoanza, tulichukua mzigo mzima wa vifaa vilivyotumika kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na kwa kuviangalia kwa mbali vilipendeza. Magongo yalikuwa kumi na matatu. Siku ya mechi ya kwanza mwamuzi alitoa pete yake ya kupimia, akaanza kupitisha gongo moja baada ya jingine, na karibu kila aliloshika lilikwama, kwa kuwa yalikuwa manene ya tumbo yaliyotengenezewa mashindano ya aina nyingine. Yalisalimika mawili tu, na timu zote mbili zilipokezana hayo hayo hadi mwisho wa mechi. Helmeti zilikuwa zimepakwa rangi upya, na tulipobonyeza sponji ya ndani ilipukutika kama mkate uliolala. Mimi ndiye niliyekuwa mdakaji. Kinga ya kifua niliyopewa ilikuwa ya mtu mzima, ikawa inateremka kila nikichuchumaa, na katika mzunguko wa tatu mpira uliokwaruza gongo ulinipiga mfupa wa bega uliobaki wazi. Nilikaa nje ya uwanja msimu mzima. Ndiyo maana nasema vifaa vya mdakaji, yaani helmeti yenye kinga ya uso, kinga ya koo, ya kifua na za miguu, vinunuliwe vipya, kwa saizi mbili, na ligi yenyewe.

Mama wa Namba Saba
Pole sana, ndugu yangu. Helmeti nazo ziwe za ligi, zenye muhuri wa NOCSAE, shirika la Marekani linaloweka viwango vya usalama wa vifaa vya michezo. Hazihitajiki kumi na nne kwa timu. Kwa wakati mmoja kuna mpigaji, anayesubiri zamu na wakimbiaji watatu kwenye vituo, jumla tano, au saba ikiwa wanaosimama kuwaelekeza wakimbiaji ni watoto.

Mwamuzi wa Jioni
Ndugu Mti Mkavu, narudi kwako. Mbao huvunjika. Kwa watoto wanaojifunza, utazika magongo matatu kabla la chuma halijabonyea.

Mti Mkavu
Huvunjika kwa anayelishika vibaya. La mti wa mepo hupigiwa upande mpana wa nyuzi za mbao, la mti wa eshi hupigiwa ukingoni mwa nyuzi, na watengenezaji huweka nembo yao kwa kufuata hilo. Wafundishe watoto nembo ikae wapi, nalo litadumu. La mchanganyiko unalolisifu hupasuka likitumiwa kwenye baridi.

Mwamuzi wa Jioni
Sikulisifu la mchanganyiko. Nimesema la chuma.

Glovu Kubwa
Mipira hamjaigusa. Wa mechi uwe wa ngozi, wenye mzingo wa inchi 9 hadi 9.25 na uzito wa aunsi 5 hadi 5.25. Wa mazoezi, nunueni wa ngozi bandia, kwa maana ngozi halisi ikinywa maji mpira unakuwa jiwe. Kocha, nina swali: wangapi kati yao hurusha kwa mkono wa kushoto? Hao glovu yao huvaliwa kulia, na ukikosa ya kuwaazima utaona mtoto akidaka, akaivua glovu, ndipo arushe.

Kocha Mgeni
Asanteni nyote. Helmeti na vifaa vya mdakaji nimeshaviweka upande wa ligi. Magongo yanasubiri kikao cha kanuni, na glovu bado sijajua. Wa mkono wa kushoto sijawahi kuwahesabu. Kesho kuna mazoezi, nitawaomba kila mmoja anirushie mpira.