"Toa betri, toa betri": mmeniponza na paswadi ya BIOS, leo lazima niseme

Wakuu, nimekaa na hasira wiki nzima na leo nazimwaga hapahapa. Hivi nani alianzisha huu wimbo wa "toa betri ya CMOS, subiri dakika 5, rudisha, paswadi kwisha"? CMOS ndiyo ile kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio na saa ya mashine. Maana kila ukiuliza unajibiwa hivyohivyo, mtu hata haulizi ni desktopu au laptopu, ya mwaka gani, paswadi yenyewe ni ipi, yeye jibu analo tayari. Toa betri. Kama mganga mwenye mzizi mmoja kwa magonjwa yote.

Na kabla hamjaanza kunicheka, ndiyo, paswadi niliiweka mwenyewe. Mpaka kesho nitaapa naijua na mashine ndiyo inaikataa, ila haya, tuseme nimesahau. Ni ile ya BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine, inayodaiwa mashine ikiwaka tu, Windows haijaanza kabisa, kiboksi kimoja kwenye skrini nyeusi. Nalisema hili mapema kwa sababu nilipouliza mara ya kwanza mtu wa kwanza kabisa akaniambia nitengeneze flashi ya kuondolea paswadi ya Windows. Ndugu yangu, hiyo Windows naifikiaje? Na flashi itawakaje wakati mlango wa kwanza kabisa umefungwa?

Sasa kilichoniponza ni kwamba ushauri wenu uliwahi kufanya kazi. Nina desktopu ya zamani, ile nilifungua ubavu nikakuta betri ya CR2032 ile ya duara kama sarafu, volti 3, pembeni yake jampa ya pini tatu imeandikwa CLR_CMOS. Nikachomoa waya wa umeme, nikahamisha kile kikofia kutoka pini 1 na 2 kwenda 2 na 3, nikahesabu sekunde kumi, nikarudisha. Paswadi ikaondoka. Nikajiona fundi. Kwamba baada ya hapo Windows iligoma kuwaka na skrini ikawa ya bluu hilo hakuna aliyenitahadharisha, nimehangaika karibu siku nzima kumbe kufuta CMOS kumefuta na vitu vingine vyote, diski ilikuwa imewekwa AHCI, namna mashine inavyowasiliana nayo, ikarudi kwenye mpangilio wa kiwandani ambao haukuwa huo. Saa nayo ikarudi nyuma miaka kadhaa, kila tovuti nikifungua naambiwa cheti cha usalama si halali, nikadhani nimeingiliwa na virusi! Tarehe tu. Ila basi, ilipona, nikasamehe.

Ndipo nikaja kwenye laptopu na kiburi changu.

Laptopu ya 2022. Bolti kumi, vile vikucha vya plastiki viwili vimevunjika, betri kubwa nimechomoa, kile kibetri kidogo chenye waya mbili kilichovishwa nailoni nyeusi nacho nimechomoa. Dakika 5? Nimeiacha usiku kucha bila chembe ya umeme. Asubuhi nafunga, nawasha, saa imepotea, tarehe imepotea, na kile kiboksi kipo palepale kinanikodolea macho.

Sasa sikilizeni nyie wa toa betri, maana nimelazimika kujisomesha kwa machungu. Huo ushauri asili yake ni mashine za zama za IBM PC AT ya 1984, pale mipangilio na saa vilikaa pamoja kwenye kumbukumbu ndogo mno, baiti 64 tu, inayoishi kwa betri. Mashine zilizofuata zikahifadhi na paswadi humohumo, kwa hiyo ukikata betri kila kitu kinafutika. Laptopu za sasa, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisini, paswadi inakaa kwenye chipu yake nyingine, EEPROM au chipu ya flashi iliyo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, ambayo haihitaji umeme kukumbuka. Unaweza kuitoa betri mwaka mzima, haisahau. Na wameifanya hivyo makusudi ili mwizi akiiba asifungue kwa bisibisi. Sababu naielewa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wewe unayemjibu mtu mwenye laptopu ya 2022 kwa jibu la mashine ya miaka hiyo halafu unamalizia na "karibu".

Tena huyo ana afadhali. Yupo aliyeniambia nichukue kibano nigusanishe miguu miwili ya chipu wakati mashine inawaka. Inawaka! Mwingine akasema kosea mara tatu itakupa namba, namba hiyo ina sehemu ya kuigeuza kuwa paswadi. Zipo mashine za hivyo kweli, za zamani nyingi tu, yangu ukikosea mara tatu inajifunga na kukaa kimya, namba haitoi. Mwingine akaniambia nihamishe diski kwenye mashine nyingine, huyu nilimshukuru, ila naye angesema kwamba kuna paswadi ya diski yenyewe ambayo nayo huwekwa humohumo kwenye BIOS, na kama umeiweka hiyo basi diski inaenda imefungwa popote uipeleke. Mimi bahati sikuiweka.

Nikawaandikia watengenezaji, siwataji. Nina risiti, nina namba ya mashine, nikajua watanipa msimbo wa kufungulia kama baadhi ya kampuni zinavyofanya ukithibitisha mali ni yako. Jibu lao mistari miwili: paswadi haiwezi kuondolewa, badilisha mazabodi. Na gwarantii haihusiki maana mashine haijaharibika. Haijaharibika! Haiwaki, lakini haijaharibika.

Na hapa ndipo hasira inaporudi upya. Siku naweka hiyo paswadi nilipewa viboksi viwili, andika, rudia, ingiza, kwisha. Hakuna onyo hata la sentensi moja kwamba ukiipoteza hii unanunua mazabodi. Mtandaoni ukitaka kufuta picha unaulizwa mara mbili una uhakika, huku kwenye jambo la kuua mashine nzima hakuna anayeuliza kitu.

Bodi nimebadilisha. Mmefurahi? Subirini. Diski imerudishwa, inawaka, badala ya Windows inakuja skrini ya bluu ya BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, inadai tarakimu 48. Kumbe diski ilisimbwa siku ya kwanza nilipoingia na akaunti yangu ya mtandaoni, sikumbuki kuulizwa, na funguo zake zilikuwa zinatolewa na TPM, chipu ya usalama, ya bodi ile iliyoondoka. Nimezipata hizo tarakimu kwenye akaunti, nimeziandika sita sita mafungu manane huku mkono unatetemeka, ikafunguka. Je asiye na akaunti, au aliyesahau na ya akaunti pia? Hapo faili ndiyo basi tena. Kati ya wote walioniambia nifungue, nitoe, nibadilishe, hakuna hata mmoja aliyesema hakikisha kwanza una zile tarakimu.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Juzi nimerudisha kibodi yangu ya nje ya USB, ya mpangilio wa Uingereza, ile ambayo @ na alama ya kunukuu zimebadilishana sehemu ukilinganisha na ya Marekani. Nikaduwaa. Siku naweka paswadi laptopu ilikuwa mezani imechomekwa kibodi hii. Paswadi ina @ ndani. BIOS nyingi hazijui habari ya mpangilio wa nchi, zinasoma vitufe kwa Kimarekani tu, kwa hiyo mimi nimebonyeza @ yenyewe ikahifadhi alama ya kunukuu, na skrini inaonyesha nyota tupu, ningejuaje? Halafu wiki nzima naichapa kwa kibodi ya laptopu, ambayo @ yake ni @ kweli.

Bodi ya zamani ipo kwenye boksi hapa mbele yangu. Kuirudisha ni bolti kumi zilezile na vikucha vilivyobaki. Kama kuna aliyewahi kukutwa na hili la kibodi aniambie kabla sijafungua, mwenye habari za betri akae kimya.