Naombeni ushauri: siku nne Hong Kong, peke yangu, safari ya kwanza nje ya nchi

Ua la Pwani
Habari za jioni wakuu. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja nina safari ya Hong Kong, siku nne tu. Nitakuwa peke yangu, na mpaka pekee niliowahi kuukanyaga ni Namanga. Usingizi hauji. Nikitua nifanyeje hadi nifike mtaa wa Tsim Sha Tsui? Nikalale wapi ikiwa hoteli niliyoambiwa haitanifaa? Na dola 300 za Marekani zitatosha kula na nauli? Tiketi na viza zimeshakamilika, hayo msihangaike nayo.

Nahodha wa Kivuko
Karibu. Uwanja uko Chek Lap Kok, kwenye kisiwa cha Lantau, mbali kidogo na mji. Uhamiaji wa kule hawagongi muhuri tangu 2013. Wanakupa kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya mwisho ya kukaa. Kiweke ndani ya pasipoti na usikitupe hadi unaondoka.

Ukiwa bado uwanjani nunua kadi ya Octopus. Amana yake ni dola 50 za Hong Kong, na ukiirudisha kabla ya siku 90 wanakukata dola 11, salio na amana iliyobaki unapewa taslimu. Kadi hiyo inalipia basi, treni, kivuko, hata maji ya kunywa dukani. Kisha fuata vibao hadi mabasi ya A21. Nauli haifiki dola 40 na basi linateremka na barabara ya Nathan Road hadi Tsim Sha Tsui. Treni ya Airport Express inafika kituo cha Hong Kong kwa dakika 24, lakini nauli yake inavuka dola 100 na bado utahitaji usafiri mwingine kufika Nathan Road. Begi liache kwenye rafu ya chini ya basi, wewe panda ghorofani ukae mbele, uione bandari unapovuka daraja la Tsing Ma.

Adapta usinunue. Plagi zao ni zile zile zetu za miguu mitatu, umeme volti 220.

Jiko la Bibi
Watu hupanga kulala wakasahau tumbo. Kama unakula halali, nenda ghorofa ya chini ya jengo la Chungking Mansions, Nathan Road namba 36 hadi 44. Kuna Wapakistani na Wahindi, biriani, chapati, dengu. Msikiti mkubwa wa Kowloon uko Nathan Road hiyo hiyo, namba 105, ni mwendo wa miguu. Kwenye migahawa ya Kichina uliza kwanza, kwa sababu supu ambayo haina kipande cha nyama bado inaweza kuwa imechemshwa na mifupa ya nguruwe. Na chai yao ya maziwa ni kali, majani yanachemka hadi rangi inakuwa ya udongo, ndipo wanatia maziwa ya kopo. Inywe asubuhi. Usiku itakunyima usingizi.

Kipimo Sawa
Hesabu ya dola 300: dola ya Hong Kong imefungwa kwa ya Marekani tangu 1983, na siku hizi inacheza kati ya 7.75 na 7.85 tu. Kwa hiyo una kama 2,340 za kule. Mlo wa kawaida weka 50 hadi 70, usafiri 50 kwa siku. Kwa siku nne unabaki na akiba, mradi malazi yawe yamelipwa. Kubadilisha fedha, vibanda vya mlangoni kabisa pa Chungking hutoa bei mbaya. Ingia ndani zaidi, linganisha vitatu, uliza "mkononi napata ngapi" kabla hujatoa noti.

Vyumba vya jengo hilo ni vidogo, kitanda na mlango vinagusana. Tafuta nyumba ya wageni yenye leseni iliyobandikwa mlangoni. Jengo lina vitalu vitano, A hadi E, kila kitalu na lifti zake. Ukipanda lifti ya kitalu kisicho chako hutafika chumbani kwako hata uzunguke saa nzima.

Funguo Saba
Dada, kabla hatujashiba biriani. Umeandika "hoteli niliyoambiwa". Umeambiwa na nani? Tiketi kanunua nani?

Ua la Pwani
Asante Nahodha, asante Kipimo. Vivuko vya Star Ferry je, usiku vinafanya kazi?

Nahodha wa Kivuko
Vinafanya, hadi karibu saa tano na nusu usiku. Tsim Sha Tsui hadi Central, kwenye kisiwa cha Hong Kong, ni kama dola tano za kule, ghorofa ya chini ni nafuu zaidi. Vuka jioni taa zinapowaka. Upande wa kisiwani panda tramu: unaingilia mlango wa nyuma, unalipa mbele wakati wa kushuka.

Lakini jibu swali la Funguo.

Ua la Pwani
Sawa. Kuna mama mfanyabiashara ananisaidia. Tunafahamiana miezi mitano. Yeye ndiye aliyelipa tiketi na hoteli, viza ya Hong Kong pia kaishughulikia yeye, mimi nimemrudishia dola 150 za viza tu. Ni mtu mwenye heshima zake, anauza vitenge. Sioni kwa nini msaada uwe kosa. Likizo nimeshapewa, nyumbani nimeshaaga.

Shangazi wa Temeke
Mwanangu, tiketi ya mamilioni haitoki mfukoni mwa mtu bure. Wazazi wako wanamjua huyo mama? Wameshakaa naye kikao? Siku hizi mtoto anaaga kazini kabla ya kuaga kwa mama yake. Kaa na wakubwa kwanza, Hong Kong haihami.

Kisu cha Ukweli
Wakuu, tunakunywa chai hapa. Mtanzania anaingia Hong Kong bila viza, hadi siku 90. Mkenya hali kadhalika. Viza inayotakiwa ni ya China bara, ukitaka kuvuka kwenda Shenzhen au Guangzhou. Sasa huyu kalipia viza ya Hong Kong dola 150 kwa nani, na imebandikwa wapi? Mleta mada katunga, na hakusoma vya kutosha kabla ya kutunga. Funga uzi.

Bonde la Msimbazi
Hata mimi nilishtuka hapo. Na mtu mwenye wasiwasi wa kweli angeanza na habari ya aliyemlipia, asingeanza na nauli ya basi.

Funguo Saba
Kisu, ulichosema kuhusu viza ni kweli kabisa. Ila lipo jibu la pili ambalo hujalipima. Huenda dada hajatudanganya sisi. Huenda yeye ndiye aliyedanganywa. Mtu aliyechukua dola 150 kwa viza isiyokuwepo anafahamu kwamba huyu hajawahi kusafiri na hatakwenda kuhakikisha. Hivyo ndivyo anavyochaguliwa wa kutumwa.

Ua la Pwani, naomba jibu moja tu: kuna kitu umeambiwa ubebe?

Ua la Pwani
Kisu, mimi si mtunzi, na inaniuma kuitwa mwongo kwa jambo linaloninyima usingizi. Viza alinionyesha karatasi kwenye simu yake. Sikujua.

Ndiyo, kuna begi. Kilo nane, vitenge na pakiti za kahawa, ni sampuli za wateja wake. Atakuja mtu kulichukua mapokezi pale hotelini siku ya pili. Sikuandika mwanzoni kwa kuwa nilijua mtarukia huko huko. Nimelifungua mwenyewe, nimetoa kitenge kimoja kimoja, hamna kitu.

Kisu cha Ukweli
Dada, neno la chai nalifuta. Nilipima maneno yako nikasahau kumpima aliyekupa maneno hayo. Nisamehe.

Funguo Saba
Naandika pole pole ili usome pole pole.

Kutoa vitenge si kukagua begi. Unga, yaani dawa za kulevya, haukai katikati ya nguo. Unakaa kati ya ganda la begi na kitambaa cha ndani, sakafu ya pili inagundishwa juu ya ile ya kwanza. Unakaa kwenye mirija ya mpini. Unakaa ndani ya pakiti ya kahawa iliyofungwa upya kwa joto, na kahawa inawekwa kwa ajili ya harufu. Kuna hata nguo zinazoloweshwa dawa iliyoyeyushwa kisha zikaanikwa, ukishika unahisi ukakamavu kama wanga uliozidi. Begi tupu lenye uzito usioelezeka ndilo la kuogopwa, na wewe huna namna ya kulijua kwa macho.

Hong Kong, adhabu ya juu ya kusafirisha dawa za kulevya ni kifungo cha maisha na faini ya dola milioni 5 za kule. Majaji wana viwango vyao: heroini au kokeini ikizidi gramu 600, hesabu inaanzia miaka 20. Ukikiri mapema wanapunguza theluthi. Fanya hesabu: mwenye bahati anaondoka na zaidi ya miaka 13, kwa mzigo usiofika kilo moja. Na neno "sikujua" linakuwa zito sana kulithibitisha pale tiketi kalipa mwingine, hoteli kalipa mwingine, na begi lina jina lako kwenye lebo ya ndege.

Haya si maneno ya vitisho. Padri John Wotherspoon, aliyehudumia wafungwa wa Hong Kong, alianza mwaka 2013 kuzitoa hadharani barua zao, za Watanzania zikiwemo. Wafungwa wenyewe walitaka ndugu zao waonywe: msikubali kuwa punda wa kubeba dawa.

Ua la Pwani
Lakini akija kuwa mkweli? Nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenisaidia. Naweza kwenda bila begi, nikamwambia limezidi uzito?

Kipimo Sawa
Mfanyabiashara mkweli hutuma kilo nane kwa kampuni ya usafirishaji, analipia, anapewa namba ya kufuatilia, na jina kwenye fomu ni lake. Hakuna anayelipa tiketi ya mtu na hoteli siku nne ili kupeleka sampuli za kahawa. Hesabu hiyo haiwezi kuwa na faida.

Na tiketi yake usiitumie hata bila begi. Utakuwa umemwambia kwamba umeshtuka, na anajua hoteli utakayolala.

Funguo Saba
Begi liko wapi sasa hivi?

Ua la Pwani
Liko chumbani kwangu. Tangu jana.

Funguo Saba
Basi usilisogeze. Usilikate kutafuta, usilirudishe kwake, usilitupe jalalani, na usilipakie bodaboda kulipeleka kituoni, maana ukisimamishwa njiani wewe ndiye mwenye mzigo. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Waambie maneno haya haya: nimepewa begi nilisafirishe, nina mashaka, liko kwangu, naomba maelekezo. Andika saa uliyopiga.

Meseji zake zote za WhatsApp usifute hata moja. Zipige picha ya skrini, uzitume kwenye simu ya ndugu unayemwamini, pamoja na tiketi, ile karatasi ya viza na muamala wa zile dola 150. Mwite mtu mzima akae nawe, na ukimpata wakili ni bora zaidi. Akikupigia yule mama, usimwambie kitu na usigombane naye.

Shangazi wa Temeke
Mwanangu, mwite mama yako sasa hivi. Hakuna atakayekugombeza leo.

Nahodha wa Kivuko
Maelekezo ya basi hayaozi. Siku utakayonunua tiketi kwa hela yako na begi ukalipanga kwa mikono yako, A21 itakuwa pale pale. Chagua Oktoba hadi Desemba, joto limepungua na msimu wa vimbunga unaisha. Kimbunga kikija, tazama namba ya ishara: ikifika 8, vivuko na mabasi husimama na maduka hufungwa. Hapo unabaki ndani.

Ua la Pwani
Dada yangu mkubwa yuko hapa. Nimepiga saa tatu na dakika kumi, wamepokea. Yule mama amenipigia mara mbili, sijapokea.

Funguo Saba
Vizuri. Usiandike tena hapa hadi wakuruhusu, na mtu yeyote akikutumia ujumbe wa faragha kuhusu begi, hata mimi, usimjibu.